Uzi: Anayejaza fomu ndiye anayepimwa na fomu. Viashiria vya maendeleo nilivyoviona nikiwa ofisi ya mipango

#1 MpimaKibaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Nimekaa idara ya mipango ya halmashauri moja miaka 19. Jina lake silitaji, wenzangu bado wako mezani. Tangu Dira 2050, ile dira ya maendeleo ya taifa, izinduliwe Dodoma Julai 2025 kila mtu ana namba mdomoni: uchumi wa dola trilioni moja, pato la dola 7,000 kwa kila Mtanzania. Sina ugomvi na namba, ndizo zilizonisomeshea watoto. Nataka tuongelee zinavyozaliwa, maana nyingine nimezizalisha mimi.

Nianze na kikao kimoja. Robo ya tatu, tunapitia taarifa ya afya. Chanjo ya Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya pamoja ya watoto wachanga, kata fulani: asilimia 118. Mwenyekiti akapiga makofi, madiwani wakafuata. Mganga mkuu wa wilaya akainama chini ya meza kama anayetafuta kalamu.

Watoto 118 wamechanjwa kati ya 100 waliopo? Basi na wa jirani wamo.

Hakuna aliyeiba. Namba ya juu ni watoto waliochomwa sindano, wamehesabiwa mmoja mmoja kwenye rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) pale zahanati. Namba ya chini ni watoto "wanaokadiriwa" kuwepo, na makadirio yalitoka sensa ya 2012 yakawa yanapandishwa kidogo kila mwaka. Kata ile ilikuwa imepata machimbo madogo ya dhahabu, watu wamefurika na wake na watoto. Kata ya jirani, waliyoihama, ikaonekana ina asilimia 61. Mtendaji wake akaitwa kujieleza.

Sasa sikilizeni uchungu ulipo. Chanjo za robo iliyofuata ziligawanywa kwa makadirio yale yale. Kata iliyopigiwa makofi ikaishiwa dozi wiki ya tano. Kata iliyofokewa ikabaki na dozi za kumwaga.

Sensa ya 2022 ilipokuja ikakuta watu 61,741,120 nchi nzima, kutoka 44,928,923 wa 2012. Watu milioni 16.8 wameongezeka kati ya sensa na sensa, na hawakuongezeka sawasawa kila kata. Kwa hiyo ukiletewa asilimia yoyote, usiulize kwanza "ngapi?" Uliza "ngapi ya nini?"

Nitaendelea kwa vipande. Mods msinifungie.

#2 kanyaga_twende

Naweka kambi hapa.

#3 Mwalimu wa Zamu

Mkuu umenikumbusha madawati ya 2016. Elimu bila ada imeanza, darasa la kwanza limefurika, likaja agizo la madawati nchi nzima. Kila mkoa ukawa unatangaza asilimia. Shuleni kwetu tulifika 100 kabla ya wote. Tukapigwa picha na mkuu wa wilaya.

Vyumba vilikuwa saba. Madawati yaliyozidi tuliyapanga nje chini ya mwembe, mvua za Machi zikayamaliza. Kiashiria kilikuwa madawati, madarasa hakuna aliyeyauliza.

#4 MpimaKibaba

Mwalimu, heshima yako. Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda.

Mimi viashiria nimevigawa mafungu mawili. Kuna namba inayoletwa na mgeni, na kuna namba inayoletwa na mshitakiwa.

Mgeni ni yule mdadisi wa NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Anakuja na kishikwambi, anaingia kaya iliyoangukiwa na sampuli, anauliza mlikula nini, mna choo gani, anawaachia shajara mwandike matumizi ya kila siku, anaondoka. Namba ikiwa mbaya yeye hapungukiwi kitu. Ndiko zinakotoka takwimu za umaskini na za udumavu.

Mshitakiwa ni mimi. Ni mwalimu mkuu, ni mganga wa zahanati, ni mtendaji wa kijiji. Namba naijaza mimi, halafu mwisho wa mwaka naulizwa kwa namba hiyo hiyo mbona sijafanya kazi. Nani atajitia kitanzi kwa kalamu yake?

Sisemi kila taarifa ya halmashauri ni ya kupika. Nyingi ni za kweli, na bila hizo huwezi kuagiza hata dawa za mseto. Nasema mpango wa taifa unaposimama juu ya fungu la pili peke yake, umesimama juu ya utetezi wa washitakiwa.

#5 Bint Mtaani

Mkuu, hiyo ya umaskini ndiyo sijawahi kuielewa. Wanasema umaskini umeshuka, mtaani kwetu umeshuka na nani?

#6 MpimaKibaba

Dada, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, Tanzania Bara, ulitoa asilimia 26.4 wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2011/12 ulikuwa asilimia 28.2. Imeshuka kweli.

Chukua kalamu. Asilimia 28.2 ya watu milioni 43 na kitu ni kama milioni 12. Asilimia 26.4 ya watu milioni 52 na kitu ni kama milioni 14. Asilimia imeshuka, watu wameongezeka. Waziri anasoma ya kwanza bungeni, mpinzani anasoma ya pili kwenye mkutano wa hadhara, na wote wawili hawajadanganya. Lakini anayepanga kununua chakula cha msaada au kuandikisha kaya TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini) anahitaji ya pili. Tumbo la mtu halijazwi na asilimia.

Na mstari wenyewe? Ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mstari wa chakula peke yake shilingi 33,748.

#7 Bint Mtaani

49,320 gawa kwa 30… 1,644 kwa siku?? Na nauli? Na mkaa? Na sabuni?

#8 MpimaKibaba

Na nauli, na mkaa, na sabuni. Kwa bei za mwaka ule. Na mahindi uliyolima ukala yanahesabiwa humo kwa bei ya soko, usidhani ni hela taslimu tu. Mtu mwenye 1,700 kwa siku hahesabiwi maskini. Kwa hiyo ile asilimia 73 na kitu iliyobaki msiisome kwamba ni matajiri, wengi wao wako hatua moja juu ya mstari. Mvua ikikata mwaka mmoja, au mama akilazwa wiki mbili, wanarudi chini.

Tena wastani wa taifa umebeba Dar es Salaam asilimia 8 na Rukwa asilimia 45 kwenye gunia moja. Ukipanga kwa 26.4, umepangia mkoa ambao haupo kwenye ramani.

#9 kanyaga_twende

Ndiyo maana tuliambiwa tumeingia uchumi wa kati nikapapasa mfukoni nikakuta risiti ya luku.

#10 MpimaKibaba

😂 Hiyo ilikuwa Julai 1, 2020. Mstari wa Benki ya Dunia ulikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka, sisi tukawa na 1,080. Dola 44 juu ya kizingiti. Ni pato lote la taifa kugawa kwa vichwa: dhahabu inayochimbwa, mabenki, mahoteli, na mihogo ya bibi yako, vyote kwenye sufuria moja, halafu kila mtu anapewa sahani ya kwenye karatasi.

Na sufuria yenyewe hubadilishwa kipimo. Takwimu za pato la taifa huwa na mwaka wa kizio, yaani mwaka wa kulinganishia, ukibadilishwa shughuli mpya zinaingia kwenye hesabu, simu, huduma, ujenzi. Sisi tulibadilisha Desemba 2014 tukaenda kizio cha 2007, kisha 2019 tukaenda kizio cha 2015. Si uchakachuaji, ni kazi halali ya kitakwimu na inatakiwa ifanywe. Ila asubuhi ya siku ile nchi inaamka tajiri zaidi na hakuna aliyechuma hata pilipili.

#11 Wa Kisauni

Watani, habari za huko. Nawasoma kutoka Mombasa.

Kwetu ilikuwa Septemba 2014, uchumi uliongezeka robo nzima kwa siku moja, tukaitwa taifa la kipato cha kati. Bei ya sima ilibaki pale pale.

Lakini mngeona viashiria vinavyopiganiwa kama mpira wa fainali mngekuja Kenya. Hapa namba ni pesa moja kwa moja. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na mgao wa pesa za kaunti hufuata fomyula. Ile ya kwanza ilikuwa idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa kwa wote 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na nidhamu ya fedha 2. Sasa fikiria wewe ni Turkana, ardhi kubwa, maskini, watu wachache. Mwenzako ni Kiambu, watu tele. Ukiongeza uzito wa "watu" hata kidogo, mabilioni yanahama kutoka kaskazini. Mwaka 2020 Seneti ilikwama wiki na wiki juu ya jambo hilo, wanakutana, wanaahirisha. Walikuja kuelewana pale tu serikali iliposema mfuko wenyewe utaongezwa, ukafika shilingi bilioni 370 mwaka uliofuata, asipoteze mtu.

Na sensa ya 2009, matokeo ya wilaya nane za kaskazini yalikataliwa na waziri kwamba watu wamezidi mno, kesi ikaenda mahakamani. Mtu akijua kichwa kimoja kina bei, atahesabu mpaka ngamia.

#12 MpimaKibaba

Shukrani mtani. Hilo la ngamia naliazima. Lakini kuna uzuri kwenye ugomvi wenu: mnajua uzito wa kila kiashiria, na mnaugombania hadharani. Kwetu ukomo wa bajeti unashuka kutoka juu, unauona kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kupangia bajeti za halmashauri, unapanga ndani yake. Diwani wangu alikuwa ananiuliza "kwa nini kata yangu imepata hivi" namwambia "mfumo". Mfumo si jibu, ila ndilo nililokuwa nalo.

#13 Nyanda za Juu

Mkuu nisaidie la kwetu. Mimi ni wa Iringa. Tunalisha nchi mahindi, viazi, maharage, matunda. Halafu kila mwaka tunatangazwa vinara wa udumavu. Wageni wanatucheka. Takwimu zimekosewa au sisi ndio tuna matatizo?

#14 MpimaKibaba

Hazijakosewa, ndugu yangu. Hiyo ni namba ya mgeni. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022: taifa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Kitaifa tumeshuka kutoka 42 mwaka 2010, ni kazi kubwa, tuipongeze. Lakini tazama mikoa hiyo mitatu. Ghala la nchi.

Miaka na miaka kiashiria cha chakula kilikuwa tani. Mkoa una ziada ya tani kadhaa, ng'aring'ari, kijani kwenye jedwali, tunahamia ajenda inayofuata. Tani zinapima shamba. Udumavu unapimwa mwilini, urefu wa mtoto kwa umri wake. Kati ya shamba na mwili kuna jiko, na jikoni hakuna afisa mipango aliyewahi kuingia.

Wewe ni wa huko, hebu tuambie jikoni kukoje Februari.

#15 Nyanda za Juu

Februari ni palizi. Mama anatoka alfajiri na jembe, anapika uji wa sembe mwepesi anauacha kwenye chupa ya chai. Mtoto wa mwaka na nusu anabaki na dada yake wa miaka saba. Uji ule ndio asubuhi, ndio mchana. Jioni mama anarudi amechoka, ni ugali na mboga za majani. Mayai yapo ila yanakwenda mnadani kununua daftari. Maziwa ni ya kuuza. Wengine watakwambia ulanzi, pombe ya mianzi, msimu wake hadi watoto wanapewa. Sikatai. Lakini kwetu sisi nyumbani hakunywi mtu na mdogo wangu alipimwa akaambiwa amedumaa.

Aisee nimeandika nikajikuta nimenyamaza.

#16 MpimaKibaba

Pole, na asante. Maelezo yako yana kazi kuliko taarifa zangu kumi. Kiashiria ambacho kingemsaidia mama yako ni mtoto anakula mara ngapi na vya aina gani, na nani anabaki naye wakati wa palizi.

Sasa niseme dhambi yangu. Halmashauri zilitakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Wazo zuri, hata wakuu wa mikoa walitiliana saini na Rais mikataba ya lishe 2022. Ikaja kadi ya alama. Fedha zikitoka, kijani. Zisipotoka, nyekundu, na nyekundu unaitwa.

Mwaka mmoja tulifika wiki ya mwisho ya Juni tuna milioni kumi na kitu hazijatumika. Mwaka wa fedha unafungwa. Tukafanya siku ya lishe. Turubai, spika, ngoma, chakula cha maonyesho, posho, mafuta ya magari manne. Watoto walipimwa uzito. Nikamuuliza afisa lishe, na urefu? Akanionyesha ubao wa kupimia urefu nyuma ya gari: umevunjika kile kibao cha kugusa kichwa, tangu mwaka juzi. Kipuri chake hakikuwemo kwenye kifungu.

Jumatatu yake kadi ikawa kijani.

#17 Mwalimu wa Zamu

Eeh bwana. Sisi tulikuwa na ufaulu. Kidato cha nne 2012 zaidi ya nusu walipata sifuri, nchi ikatikisika, matokeo yakafutwa yakapangwa upya 2013. Kesho yake watoto ni wale wale, karatasi zile zile, sifuri zimepungua. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mlima ukishindikana unaweza kusogezwa.

#18 jembe la mkono

Mleta uzi, nina swali na si la kejeli. Mimi nimesoma takwimu. Ukiwaambia watu hivi, wanaondoka na kusema takwimu zote ni uongo, halafu wanarudi kwa mganga wa kienyeji. Vifo vya uzazi: 2015/16 vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, utafiti wa 2022 ukatoa 104. Hii ni namba ya mgeni, kwa maneno yako. Unaiamini?

#19 MpimaKibaba

Swali la kiume. Naiamini mwelekeo wake kuliko hatua yake. Wewe ndiye mwenye fani, waelezee wenzako vifo hivyo vinavyopatikana, mimi nitaharibu.

#20 jembe la mkono

Haya. Utafiti hauendi hospitali kuhesabu maiti. Unamuuliza mtu kuhusu ndugu zake wa tumbo moja: dada zako wangapi, waliofariki wangapi, kuna aliyefariki akiwa mjamzito, akijifungua, au wiki chache baadaye? Jibu linahusu miaka kadhaa nyuma, si mwaka wa utafiti. Na kwa kuwa vifo vya namna hiyo ni vichache ndani ya sampuli, vichache vikipungua au vikiongezeka namba inaruka. Kwa hiyo 556 ilikuwa na mkanda mpana wa kukosea juu na chini yake, 104 nayo vilevile.

Lakini kuna namba nyingine zinazothibitisha kwamba kitu kimetokea kweli. Kujifungulia kwenye kituo cha afya kumetoka asilimia 63 hadi 81 katika muda huo huo. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano 67 hadi 43 kwa kila 1,000. Hizo zina sampuli nene. Zinakwenda njia moja na ile ya akina mama. Ndiyo maana nasema usitupe kiashiria, kiwekee shahidi.

#21 MpimaKibaba

"Kiwekee shahidi." Umenipiku kwenye uzi wangu mwenyewe. Ndivyo ningetaka mpango ufanyike: kila namba ya mshitakiwa iwekewe namba ya mgeni pembeni. Ufaulu, uwekewe kipimo cha mtoto kusoma aya moja kwa sauti. Fedha za lishe, ziwekewe urefu wa watoto. Na maji, yawekewe ndoo.

Maji nimeyaacha makusudi. Sera ya maji ya 2002 ilisema kilula kimoja, yaani bomba la kuchotea maji la jumuiya, kihudumie watu 250, asiende mtu zaidi ya mita 400. Hizo mita 400 ni za zamani, ziko tangu mpango wa 1971 uliosema ifikapo 1991 kila mtu vijijini awe na maji karibu. Sasa njia rahisi ya kupata asilimia ni kuhesabu vilula, zidisha kwa 250, gawa kwa watu wa kijiji. Kilula kilichokufa kinaingia kwenye hesabu kama hai, labda mtu aende kukifungua. Vituo vya maji vilipohesabiwa nchi nzima kijiji kwa kijiji mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilikutwa zaidi ya theluthi havifanyi kazi.

Hesabu hii haihitaji digrii. Mtu yeyote mwenye miguu anaweza kuifanya kijijini kwake asubuhi moja.

#22 Bint Mtaani

Mkuu nipo kijijini kwa mama wiki hii. Naifanya kesho.

#23 kanyaga_twende

Angalia usije ukaambiwa unatoa takwimu bila kibali, sheria ipo.

#24 MpimaKibaba

Sheria ya Takwimu ni ya 2015, ikabanwa 2018, ikalegezwa 2019, lile kosa la kutangaza namba inayopingana na ya serikali likaondolewa. Kuhesabu mabomba ya kijiji chenu na kuyasema kwenye mkutano wa kijiji sijawahi kusikia kukimfunga mtu. Nenda dada.

#25 Bint Mtaani

Nimerudi. Ubao wa matangazo una tangazo la mnada na mapato na matumizi ya robo moja ya mwaka juzi. Mtendaji kaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia nimetumwa na mama, kachoka kubeba ndoo. Kacheka, kanifungulia daftari.

Vilula kwenye daftari: 11. Nimevizunguka vyote na mdogo wangu kwa pikipiki. Vinavyotoa maji: 6. Viwili vimeng'olewa koki, kimoja kina kufuli na ufunguo anao mtu aliyehamia mjini, viwili ni nguzo tu.

Watu wa kijiji kwa sensa ya 2022 ni kama 2,800.

#26 MpimaKibaba

11 mara 250 ni 2,750. Waliandika asilimia 98, sivyo?

#27 Bint Mtaani

98 kamili. Umejuaje!

#28 MpimaKibaba

Nimeziandika nyingi. 6 mara 250 ni 1,500. Hiyo ni asilimia 53 na kitu, tena kama hao 1,500 wote wako ndani ya mita 400. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya maji ya wilaya, nakala kwa diwani, vilula vyote 11 kwa majina ya vitongoji na hali ya kila kimoja. Ambatanisha picha ya ile kufuli. Asilimia usiiweke, waache waipige wenyewe.

#29 Bint Mtaani

Sawa mkuu. Mama anasema ufunguo anaujua uliko.